Kisumu kwa magurudumu mawili: Black Mamba na wageni wake

Ukitaka kuujua mji wa Kisumu, mpenzi msomaji, usiukague kutoka dirishani mwa matatu. Shuka stejini, weka mzigo wako mahali pa salama, kisha ujitafutie baiskeli. Mji huu umekaa ukingoni mwa Ghuba ya Winam, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upande wake wa ziwani ni tambarare kama sinia. Reli ilipofika hapa Desemba 1901, mahali penyewe pakiitwa Port Florence, mashine kubwa zilikuwa za Wazungu na meli. Mashine ya mwananchi ilikuja baadaye, nayo ilikuwa na pedali mbili. Wajaluo huiita ndiga.

Amka mapema Jumapili, saa kumi na mbili hivi, kabla jua la Kisumu halijaanza ukali wake, ukasimame upande wa Kondele. Jumapili ndiyo siku kuu ya soko la Kibuye, mojawapo ya masoko makubwa ya wazi katika Kenya nzima. Utawaona wanaume wakiteremka na baiskeli nyeusi zilizosheheni mikungu ya ndizi, magunia ya mboga na kuku waliofungwa miguu wakining'inia vichwa chini. Wakati huo huo utaliona kundi jingine likipanda upande wa pili: vijana na watu wazima waliovaa kofia ngumu na kaptura za kubana, juu ya baiskeli nyembamba ambazo mtu anaweza kuinua kwa kidole. Makundi haya mawili hupishana kila wiki. Aghalabu husalimiana kwa kengele tu. Lakini ukiwapata wamekaa kibandani wakinywa soda, baiskeli zimeegemezwa ukutani, utasikia mazungumzo matamu kupita ya mpira.

Hebu kwanza tumtazame mzee wa nyumba. Baiskeli nyeusi ya kazi, ambayo Wakenya tumeizoea kwa jina la Black Mamba, ni mjukuu wa baiskeli za Kiingereza za mtindo wa Raleigh, kampuni iliyoanzia Nottingham katika miaka ya 1880. Siku hizi nyingi hutoka India na Uchina. Fremu yake ni ya chuma, kiti chake kina springi, breki zake huvutwa kwa vyuma vyembamba badala ya waya, na nyuma ina karia ambayo juu yake Mkenya hufunga kila kitu isipokuwa tembo. Uzito wake ni kilo 20 hivi ikiwa tupu. Baiskeli ya mashindano ya barabarani, kwa upande mwingine, hairuhusiwi na shirikisho la kimataifa la mchezo huo kupungua kilo 6.8, na wapo wanunuzi wanaolipa pesa nyingi ili waukaribie tu uzito huo. Mchuuzi wa ndizi wa Kiboswa akiambiwa hivyo huangua kicheko, kwa sababu yeye hulipwa kwa kuongeza uzito.

Ni Black Mamba hiyo iliyozaa boda boda. Biashara hiyo ilianza miaka ya 1960 huko Busia, pale kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambapo msafiri aliyeteremka kwenye gari upande mmoja alikuwa na mwendo mrefu wa miguu kati ya vituo viwili vya forodha. Vijana wa baiskeli wakawa wanaita kwa Kiingereza, mpaka kwa mpaka, na wito ukageuka jina. Kufikia miaka ya 1990 boda boda ilikuwa imetapakaa Kisumu yote. Karia ilivikwa godoro dogo lenye kitambaa cha kushonwa maua, na mama akaketi upande upande na kikapu chake mapajani, miguu ikiwekwa vizuri isiguse spoku. Wako wasomaji wa ukurasa huu waliopelekwa shule ya chekechea hivyo.

Kisha mwaka wa 2008 serikali ikaondoa ushuru kwa pikipiki ndogo, zile za chini ya sisi 250, na mambo yakageuka kwa kasi. Abiria wakahamia pikipiki na tuktuk. Mwendeshaji wa baiskeli aliyebaki ni yule asiye na mtaji wa pikipiki, au mzee ambaye hataki mkopo, au mwenye biashara ya mizigo: mkate, maziwa, mitungi ya maji, makaa, samaki. Usimhurumie upesi, hata hivyo. Hanunui petroli, na bei ya petroli inapopanda yeye hulala usingizi wake.

Sasa wageni. Baiskeli za Jumapili ziko za aina mbili kuu, na ukitaka kuanzisha ugomvi wa kirafiki uliza tu ipi bora. Ya kwanza ni ya lami: usukani uliopinda kama pembe za kondoo, tairi za milimita 25 hadi 28 zilizojazwa upepo mpaka zikawa ngumu kama mti, fremu ya alumini au ya nyuzi za kaboni. Ya pili ni ya changarawe, ambayo kwa macho ya haraka utaidhani ni ile ile. Usukani ni ule ule uliopinda, lakini tairi ni nene zaidi, milimita 38 hadi 45 au kupita, zenye upepo mchache na meno pembeni, na kati ya tairi na fremu kumeachwa nafasi ya kupitisha matope. Mtu wa lami atakuambia baiskeli ya changarawe ni nzito na mvivu. Mtu wa changarawe atamwuliza yule wa lami ni lini mara ya mwisho alipoona ziwa kwa karibu, maana njia nyingi za kwenda ufukweni hazina lami.

Chukua rula, msomaji, uende ukapime tairi ya Black Mamba. Ubavuni imeandikwa 28 kwa 1½. Inchi moja na nusu ni milimita 38. Naam, ni unene ule ule wa tairi ya changarawe ambayo wataalamu wa Ulaya na Marekani wanaisifu leo kama uvumbuzi! Babu aliyekuwa akienda Kombewa kwa ndiga alikuwa juu ya unene huo huo, wala hakuna aliyemwandikia makala.

Tofauti kubwa haiko kwenye tairi, iko kwenye meno. Tuchukue Black Mamba yenye meno 44 mbele na 18 nyuma. Ukizungusha pedali mara moja, gurudumu huzunguka mara mbili na nusu kasoro kidogo, na unasonga karibu mita 5 na nusu. Katika tambarare za Kano hiyo ni gia safi kabisa. Lakini ukitoka Mamboleo kuukabili mlima wa Riat, barabara ya kwenda Kakamega, gia hiyo moja inakuwa ukuta. Ndiyo maana utawaona wenye mizigo wameshuka wanasukuma, jasho likiwatiririka. Baiskeli ya changarawe yenye meno 40 mbele inaweza kuwa na gia kubwa ya nyuma yenye meno 42. Hapo mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita 2 na kitu tu. Utakwenda polepole kama kinyonga, lakini utafika Kiboswa ukiwa umekaa kitini. Ya lami nayo, yenye meno 50 mbele na 11 nyuma, hukupeleka mita 9 na nusu kwa mzunguko mmoja, anasa ambayo utaifaidi wakati wa kuteremka.

Na kuteremka ndiko kwenye hatari. Breki za vyuma za Black Mamba hubana rimu, na rimu ikilowa maji, mpira huteleza. Mwenye mikungu minne ya ndizi akishikwa na mvua Riat hana hila ila kukanyaga tairi kwa ndara. Nasema bila kuficha kwamba huwa naangalia pembeni. Baiskeli nyingi za changarawe zina breki za diski, kama za pikipiki, ambazo mvua haizisumbui sana. Ziko za aina mbili: za mafuta na za waya. Za mafuta ni laini, kidole kimoja chatosha, lakini hewa ikiingia bombani utahitaji vifaa maalumu na mtu aliyefunzwa. Za waya huhitaji nguvu zaidi kidogo za mkono, na fundi yeyote mwenye spana na koleo atazikaza chini ya mwembe. Kama unaishi Milimani na hutoki mjini, nunua za mafuta. Kama unakusudia kufika Bondo na kwingineko, mimi ningechagua waya.

Hapo ndipo tunapofika kwa fundi, naye ndiye mwenye neno la mwisho. Mafundi wa Kibuye hukaa na vyombo vyao juu ya gunia: pampu, karai la maji la kutafutia pancha, solusheni, vipande vya tyubu kuukuu, kotapini, mipira ya breki. Ukimkuta mtu mzima, mwite jaduong' kabla ya kumwonyesha tatizo lako. Kijana mwenzako mwite omera. Fremu ya chuma ikivunjika, jirani yake wa jua kali ataichomelea nawe utaondoka nayo siku hiyo hiyo. Fremu ya kaboni ikipasuka, wote wataizunguka wakiigonga kwa kucha, wakikupa pole.

Kuna mtego mmoja uliowaumiza wengi, na kwa kuwa ukurasa huu husomwa na wanafunzi wanaoweka akiba ya baiskeli ya kwanza, nitaueleza taratibu. Tairi ya Black Mamba imeandikwa 28. Tairi za baiskeli za lami na za changarawe nazo mara nyingine huandikwa 28, ingawa jina lao la kawaida ni 700C. Mtu akiona 28 na 28 hudhani zinaingiliana. La hasha! Tafuta nambari ndogo ubavuni. Ya Black Mamba itaishia na 635, ambayo ni kipenyo cha rimu kwa milimita. Ya lami na ya changarawe itaishia na 622. Tofauti ni milimita 13, na kwa milimita hizo 13 mtu anaweza kulala Ndori. Tairi za 635 ziko katika vituo vingi vya soko kando ya ziwa. Zile za 26, za baiskeli za milimani, nambari yake 559, nazo si taabu kuzipata. Za 622 zenye unene wa changarawe ni lazima uzibebe mwenyewe.

Valvu vilevile. Baiskeli za bei hutumia valvu nyembamba ndefu ya Kifaransa, ambayo pampu ya fundi huishika hewa tu. Dawa yake ni kichwa kidogo cha shaba kinachofungwa juu ya valvu, kitu cha bei ndogo kinachoingia mfuko wa shati. Nunua viwili, kimoja kitapotea. Baadhi ya wenye baiskeli za changarawe wameachana kabisa na tyubu, wakatia ndani ya tairi maji maji meupe kama utomvu yanayoziba tundu lenyewe. Kwa nchi yenye miiba ya Seme na Bondo ni jambo la maana. Lakini utomvu huo hukauka kwa joto, na Kisumu joto halikosekani, kwa hiyo yafaa kuukagua kila baada ya miezi michache.

Watu wa Kisumu wana baiskeli ya tatu, nayo ndiyo inayonivutia kuliko zote. Inaitwa Buffalo, na huunganishwa papa hapa mjini. Shirika linaloitoa, World Bicycle Relief, lilianzishwa mwaka wa 2005 na mke na mume wa Kimarekani, F.K. Day na Leah Missbach Day, baada ya tsunami ya Desemba 2004 kuiangamiza pwani ya Sri Lanka. Bwana Day ni mmoja wa waasisi wa SRAM, kampuni ya Chicago inayotengeneza gia na breki. Basi mwenye baiskeli ya changarawe atazame mkono wa gia yake. Huenda jina hilo hilo limeandikwa pale. Pesa na ufundi wa watu wa gia ghali ndivyo vilivyochora baiskeli ya msichana anayetembea kilomita nyingi kwenda shule.

Na ilichorwa kwa akili. Fremu ni ya chuma kizito, karia ina uwezo wa kilo 100, na breki ya nyuma imo ndani ya kitovu cha gurudumu: unarudisha pedali nyuma, inashika. Mvua haiifikii kabisa. Kasoro yake ni kwamba mnyororo ukitoka, breki hiyo nayo imetoka, kwa hiyo mwenye Buffalo hulazimika kuuangalia mnyororo wake. Katika miaka ya karibuni wakatoa nyingine yenye gia mbili na minyororo miwili, isiyo na waya wala mkono wa gia. Ukitaka kubadilisha gia unarudisha pedali nyuma kidogo tu, kisha unaendelea. Ukiwaeleza watu wa Jumapili hadithi hiyo, watu waliolipia gia za betri zisizo na waya, watanyamaza kidogo.

Usidhani kwamba mchezo huu ni wa wageni peke yao. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017, alizaliwa Nairobi mwaka wa 1985 na kufunzwa na David Kinjah huko Kikuyu. Kwenye changarawe Kenya ilikuwa na nyota wake, Suleiman Kangangi, aliyejulikana kama Sule, nahodha wa Team Amani. Timu hiyo iliongoza safari ya vijana wetu kwenda mashindano ya changarawe, na mwaka wa 2021 mbio za Migration Gravel Race zikaanza Maasai Mara. Tarehe 27 Agosti 2022, Sule alianguka katika mbio za Vermont, Marekani, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 33. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Kofia ngumu, mpenzi msomaji, si pambo. Mzazi anayemnunulia mwanawe baiskeli ya kilo kumi na kuikataa kofia kwa sababu ya bei hajapiga hesabu sawasawa.

Basi uelekee wapi? Kama una watoto, nenda Dunga. Ni mwendo mfupi kutoka mjini, tambarare, na mwisho wake ni ufuko wa wavuvi na kinamasi cha mafunjo chenye ndege wengi. Baiskeli yoyote yatosha. Katikati ya jiji penyewe pamekuwa afadhali tangu barabara kadhaa zipanuliwe njia za watembeao kwa miguu na baiskeli kuelekea mkutano wa Africities wa Mei 2022, ingawa boda boda wa pikipiki nao wamezipenda njia hizo kuliko walivyotarajiwa.

Kama una miguu, chukua barabara ya Busia hadi Kisian, kisha kata kushoto kuelekea Bondo. Kipande cha kwanza ni cha malori makubwa ya kwenda Uganda, na lori halijali gia zako zina meno mangapi, kipite alfajiri. Ukishakata kushoto mambo hutulia. Kilomita 30 hivi kutoka mjini utaona mawe ya Kit Mikayi huko Seme, yamepandana juu kama nyumba ya ghorofa, karibu mita 40. Jina lake ni jiwe la mke wa kwanza, na wenyeji watakusimulia habari za mzee aliyekuwa akishinda hapo hata mkewe akasema amepata mke mwenza. Hapo paheshimu, ni mahali pa kuabudia.

Ujue pia siri ya upepo. Asubuhi ziwa huwa tulivu, lakini alasiri upepo hutoka ziwani ukivuma kuelekea bara, yaani kutoka magharibi. Anayekwenda Bondo asubuhi na kurudi Kisumu alasiri atasukumwa mgongoni. Anayefanya kinyume atadhani breki zake zimeshika. Mvua za radi nazo hupenda alasiri. Na wakati wa masika usiende na baiskeli ya lami kwenye vijia vya Kano, upande wa Ahero. Udongo mweusi wa huko hunata kama ugali mbichi. Utajaza uma wote mpaka gurudumu likatae kuzunguka. Hata Black Mamba wenyeji huing'oa bampa.

Walio na siku mbili wapite Ndori, wakate kushoto mpaka Luanda Kotieno, wapande feri na baiskeli zao kuvuka mdomo wa ghuba hadi Mbita. Kutoka Mbita unavuka daraja na kuingia kisiwa cha Rusinga. Hapo ndipo Mary Leakey alipolipata fuvu la Proconsul mwaka wa 1948, na hapo ndipo alipozikwa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Barabara hukizunguka kisiwa, ziwa likiwa upande mmoja na vilima upande wa pili, na watoto watakukimbilia wakitaka kujua mbona gurudumu lako halina bampa. Beba tyubu mbili, kile kichwa cha shaba, maji ya kutosha, na uulize saa ya feri ya mwisho kabla ya kuanza kuzunguka.